Lukenya Yangoja Waandishi Wake

Anayetoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, akishaviacha viwanda vya saruji vya Athi River, huviona vilima vya mawe vya Lukenya vimesimama peke yake juu ya nyasi. Wanaakiolojia wamechimba chini ya majabali yake na kupata zana za Zama za Mawe. Wapanda miamba wa Nairobi huja kujipima nguvu hapo, na Chuo Kikuu cha Daystar kina kampasi karibu yake. Lakini kisa ninachokitaka hakiko kileleni. Kiko chini, kwenye tambarare ya Athi na Kapiti, penye reli, ng'ombe, ranchi na ardhi iliyogombaniwa.

Mambo hayo manne ndiyo yaliyozaa hadithi za kauboi kule Marekani. Ukiongeza mapenzi unapata aina ya vitabu ambayo wasomaji wa Kiingereza wameinunua kwa zaidi ya karne moja bila kuchoka. Huku kwetu mambo hayo manne yalikuwepo, na mapenzi, bila shaka, yalikuwepo. Waandishi wa kuyasimulia ndio waliochelewa, na waliotangulia hawakuwa wenyeji.

Wakamba husimulia kwamba mtabiri wao Syokimau aliliona joka refu la chuma likija kutoka pwani kabla halijafika. Reli iliipita tambarare hii na kuingia Nairobi mwezi wa Mei 1899. Machakos, uliokuwa mji wa utawala tangu siku za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ukaachwa kando, na makao ya serikali yakahamia kwenye kinamasi ambako reli ilitua. Nyuma ya reli wakaja masetla. Vilima vya Mua vikachukuliwa, na nyanda ambazo Wakamba walichungia mifugo yao zikawa mashamba ya wageni. Binamu wawili, Harold na Clifford Hill, walifuga mbuni karibu na Machakos, kwa kuwa wanawake wa Ulaya wakati ule walipenda kofia zenye manyoya ya ndege. Mitindo ya kofia ilipobadilika, biashara ya mbuni ikafa.

Mwezi wa Aprili 1909 alishuka katika stesheni ya Kapiti mtu aliyekijua kisa cha aina hii, cha reli, ng'ombe na masetla, kuliko wageni wengine wote. Theodore Roosevelt alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Alikuwa na mwanawe Kermit, wataalamu wa makumbusho ya Smithsonian na wapagazi wengi. Mwenyeji wake alikuwa Sir Alfred Pease, aliyekuwa na shamba huko Kitanga. Roosevelt aliwinda simba katika nyanda hizo na kutuma makala kwenye jarida la Scribner's, ambayo yalitoka kama kitabu mwaka 1910. Katika ujana wake alikuwa amefuga ng'ombe huko Dakota, akaandika juzuu kadhaa za historia ya Magharibi ya Marekani, na rafiki yake Owen Wister alimtabarukia riwaya ya *The Virginian* mwaka 1902. Wengi huitaja riwaya hiyo kuwa ndiyo iliyofungua njia ya hadithi za kauboi: mchunga ng'ombe wa Wyoming anampenda mwalimu wa kike aliyetoka mashariki. Mtu aliyetabarukiwa kitabu hicho alipita juu ya farasi katika nyanda hizi, akaona masetla, na masetla hao wakamkumbusha kwao.

Alichokiona yeye kilionekana pia na waandishi wa mapenzi wa Uingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kenya iligeuka kuwa jukwaa la riwaya za mahaba. Florence Riddell alitoa *Kenya Mist* mwaka 1924 na *Kismet in Kenya* mwaka 1927. Nora Strange akafuata na *Kenya Calling* mwaka 1928, kisha *Courtship in Kenya* mwaka 1932, na vingine kadhaa. Mtindo wao haukutofautiana sana: msichana wa Kiingereza anashuka melini, anakutana na setla mwenye ngozi iliyokauka kwa jua na siri moyoni, shamba linakaribia kufilisika, simba analia usiku, mwishowe ndoa. Sivicheki vitabu hivyo. Vilisomwa sana, na waandishi wake walijua kumshika msomaji. Ila Waafrika ndani yake walikuwa watu wa kushika farasi na kuleta chai. Mkamba aliyefukuzwa kwenye malisho ili shamba hilo la mahaba lipatikane hakuwa na mchumba, wala mama mkwe, wala wivu.

Wakati riwaya hizo zikiendelea kuazimwa katika maktaba za London, tambarare ilikuwa inaandaa kisa kikubwa kuliko vyote.

Miaka ya 1930 udongo wa Ukambani ulikuwa umechoka. Serikali ya kikoloni ilisema kosa ni la ng'ombe kuzidi. Wakamba walisema kosa ni la ardhi kupungua, kwani malisho yao yalikuwa yamekatwa na kugawiwa wageni. Kampuni ya Liebig nayo ikajenga kiwanda cha nyama hapo Athi River, kikafunguliwa mwaka 1938, na kiwanda cha nyama hakiwezi kukaa bila ng'ombe wa bei nafuu. Mwaka huohuo maofisa wakaanza kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walikusanywa, wakatiwa alama, wakapelekwa mnadani, na bei ikawa ile aliyoipenda mnunuzi.

Kwa familia ya Kikamba, jambo hilo lilikuwa limeingia chumbani. Ng'ombe hawakuwa fedha tu. Ndio waliokuwa mahari. Kijana ambaye baba yake amenyang'anywa ng'ombe ni kijana ambaye arusi yake imeahirishwa, na msichana anayemngoja ana ndugu ambao nao wanawangojea ng'ombe haohao ili waoe. Sioni jinsi mwandishi wa mapenzi angeweza kutunga kizuizi kikali kuliko hicho, na hiki hakikutungwa.

Mtu aliyejitokeza kuwaongoza watu aliitwa Muindi Mbingu, mwenyeji wa Ngelani. Chini ya chama kilichoitwa Ukamba Members Association, watu walikataa. Mwezi wa Julai 1938, wanaume, wanawake na watoto kwa maelfu waliteremka kutoka vilima vya Machakos wakaelekea Nairobi kumwona gavana. Walipiga kambi Kariokor, mahali penye jina lililotokana na wapagazi wa jeshi wa Vita vya Kwanza, wakakaa hapo kwa wiki kadhaa. Walilala, wakapika, wakalea watoto, wakangoja. Gavana Robert Brooke-Popham hakuwapokea Nairobi. Alikwenda mwenyewe Machakos mwezi wa Agosti kufanya baraza, na baraza halikuwaridhisha watu. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) na katika polisi, na vita vya Ulaya vilikuwa vinanukia. Hakuna serikali iliyotaka kugombana na askari wake wakati kama huo.

Kiwanda cha Liebig baadaye kikawa cha Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1950. Muindi Mbingu alirejea kutoka Lamu baada ya Vita vya Pili na aliuawa mwaka 1953, siku za hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Leo ana barabara katikati ya Nairobi. Wanaoegesha magari yao hapo ni wengi kuliko wanaojua alikuwa nani.

Wanahistoria wameliandika tukio hilo vizuri, lakini wasimuliaji wa kubuni hawajalitendea haki. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Maelfu ya watu waliondoka kila mmoja na sababu yake, na riwaya yenye shujaa mmoja itamchukua Muindi na kuwaacha wengine wakiwa umati.

Njia nyingine ilikwisha kuonyeshwa hapa Kenya, na ndugu wawili. Leonard Kibera alizaliwa mwaka 1942 na Samuel Kahiga mwaka 1946, wana wa baba mmoja kutoka upande wa Kabete. Walikuwa watoto wakati hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952. Mwaka 1968 East African Publishing House, kampuni changa ya Nairobi iliyoanza mwaka 1965, ilichapisha kitabu chao cha hadithi fupi, *Potent Ash*. Hawakuandika kila hadithi pamoja. Kila mmoja aliandika zake, kisha zikawekwa katika jalada moja, na zinasomeka kama mazungumzo ya ndugu wawili kuhusu nchi ileile. Kibera ana ukali. Katika "The Spider's Web" anamleta Ngotho, mtumishi wa nyumbani, anayegundua kwamba uhuru umembadilishia rangi ya bibi wa nyumba na si mengine. Kahiga ni mpole zaidi na huyafuata mapenzi: katika "The Last Breath" kijana anampenda msichana asiyeona, na baba hataki kusikia. Hadithi hizo mbili hazina mhusika mmoja wala kijiji kimoja. Kinachokishika kitabu ni vita hivyo vya Mau Mau, ambavyo hata hadithi zisizovitaja zinatembea juu ya majivu yake.

Hapo ndipo ilipo siri ya mkusanyiko wa mikono mingi, na si katika waandishi kukubaliana mtindo. Wakikubaliana mtindo kitabu hupooza. Wakishika tukio moja, kila mmoja anaweza kwenda zake na msomaji asipotee.

Ndugu hao hawakurudia kuandika pamoja. Kibera alitoa riwaya yake *Voices in the Dark* mwaka 1970, akafariki mwaka 1983. Kahiga aliendelea na vitabu vya mapenzi, kikiwemo *Lover in the Sky* cha mwaka 1975, na mwaka 1990 akavirudia vita hivyo peke yake katika kitabu kuhusu Dedan Kimathi.

Miaka hiyo ya 1970 wachapishaji walitafuta namna nyingine ya kuwaunganisha waandishi, yaani mfululizo. Heinemann ya Nairobi ilianzisha Spear Books mwaka 1975, na Macmillan ikaleta Pacesetters mwaka 1977, vitabu vyembamba vya mapenzi na upelelezi kwa bei ya mfukoni. Mtoto wa Ukambani, David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka 1939, hakungoja kualikwa. Alianzisha kampuni yake ya Comb Books, na vitabu kama *My Dear Bottle* na *After 4:30* vikauzwa kama maandazi asubuhi, vikalaumiwa na walimu, na Tanzania ikavipiga marufuku. Mwaka 1980 aliingia Pacesetters na *For Mbatha and Rabeka*, hadithi ya mapenzi ya walimu. Mfululizo ulifunza vijana kusoma kwa raha. Lakini jalada linalofanana si kisa kinachofanana. Ni nadra mhusika wa mwandishi mmoja kumpita barabarani mhusika wa mwandishi mwingine, na mapenzi ya vitabu hivyo karibu yote yalikuwa ya mjini, ya wakati uleule. Historia waliiachia shule.

Wamarekani ndio walioichukua njia ya tukio moja na kuifikisha mbali. Mwaka 2015 waandishi zaidi ya 40 wa mapenzi, wengi wao wakijichapishia wenyewe, walitoa hadithi 50 chini ya jina *American Mail-Order Brides*, moja kwa kila jimbo. Zote zinaanzia pamoja: kiwanda cha nguo huko Massachusetts kinaungua mwishoni mwa karne ya 19, wasichana wanapoteza kazi, kila mmoja anajibu tangazo la mwanamume asiyemjua na kupanda treni. Si fasihi ya kutunukiwa nishani, na haidai kuwa hivyo. Ila ufundi wake wa kugawana kazi ni wa kuigwa: moto mmoja, kisha kila mwandishi na msichana wake na jimbo lake.

Sisi tuna desturi ya kukusanya. Diwani za hadithi fupi za Kiswahili zilizosomwa katika shule za sekondari, tangu *Damu Nyeusi* iliyohaririwa na Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed hadi *Tumbo Lisiloshiba* ya Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, zimetukutanisha na waandishi wa Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar ndani ya jalada moja. Wahariri wake walitafuta maudhui: ufisadi, elimu, ndoa. Tukio moja la kihistoria ambalo wahusika wote wanalipitia, hilo bado.

Basi waandishi wa Machakos, na wale wanafunzi wanaosoma uandishi na mawasiliano chini ya vilima vya Lukenya, wachukueni watu wa Julai 1938 muwagawane. Mmoja achukue kijana aliyepoteza mahari. Mwingine achukue karani wa mnada, kwa sababu naye alikuwa na mchumba na aibu yake. Pawe na askari wa KAR anayesikia kambini kwamba mama yake yuko Kariokor, na mwanamke aliyejifungua wakati wa kungoja, na Mhindi mwenye duka anayeuza unga kwa mkopo asijue kama atalipwa. Mhariri wenu awe na kalenda moja na ramani moja, ahakikishe siku ya baraza ni ileile katika kila hadithi. Na andikeni kwa Kiswahili au Kikamba, maana masimulizi ya Kiingereza kuhusu tambarare hii tunayo tangu mwaka 1910.