Mdominika: Raia au mtawa?

Neno Mdominika humtaja raia na mtawa vilevile. Asili yake ni neno la Kilatini dominus, yaani 'bwana'. Humo ndimo lilimotoka pia jina Dominika, ambalo Wakatoliki huiitia siku ya Jumapili, siku ya Bwana.

Kwa maana ya kidini, Mdominika (wengine husema Mdominiko) ni mtawa wa shirika lililoasisiwa na Mtakatifu Dominiko, kasisi kutoka Uhispania. Papa Honorius III aliliidhinisha mwaka wa 1216. Jina lake rasmi ni Shirika la Wahubiri.

Kwa maana ya uraia, neno hili lina wenyewe wawili katika eneo la Karibi. Jamhuri ya Dominika, ambayo mji wake mkuu ni Santo Domingo, hutumia Kihispania na ilijitangazia uhuru kutoka kwa Haiti mwaka wa 1844. Dominika nayo ni kisiwa kidogo ambacho lugha yake rasmi ni Kiingereza. Kilipata uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka wa 1978. Columbus alikipa jina hilo kwa kuwa alikiona siku ya Jumapili, mwaka wa 1493.

Mnamo Desemba 1511, Antonio de Montesinos alihubiri mjini Santo Domingo akiwashutumu walowezi wa Kihispania kwa kuwadhulumu wenyeji. Mdominika huyo alikuwa mtawa, wala si raia. Jamhuri yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Kiingereza huwatofautisha raia wa nchi hizo mbili kwa mkazo wa sauti. Katika Kiswahili, mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo basi sikio halitusaidii.

Utata huu una gharama. Katika Olimpiki za Paris mwaka wa 2024, Thea LaFond wa Dominika alishinda dhahabu ya kuruka hatua tatu, medali ya kwanza kabisa ya taifa lake katika Olimpiki. Siku chache baadaye, Marileidy Paulino wa Jamhuri ya Dominika akatwaa dhahabu ya mbio za mita 400. Anayeandika tu kwamba 'Mdominika ameshinda' huenda akaipokonya nchi ndogo fahari yake.

Yafaa basi kuandika 'raia wa Jamhuri ya Dominika', 'raia wa kisiwa cha Dominika' au 'mtawa Mdominika', kila mmoja apewe haki yake.