Ngoro: Mashimo yanayolinda rutuba ya milima ya Umatengo

NGORO ni kilimo cha mashimo kinachoendeshwa na Wamatengo katika milima ya Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, kusini magharibi mwa Tanzania. Kwa zaidi ya miaka 100, familia za huko zimelima mahindi na maharage kwenye miteremko mikali ambako mvua ingeweza kuuteremsha udongo wote bondeni.

Kazi huanza mwezi Machi. Wanaume hufyeka majani marefu, huyaacha yakauke, kisha huyapanga kwa mistari inayokatizana hadi ikatokea miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani hayo, hivyo hubaki shimo lililozungukwa na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa kwenye matuta hayo. Mahindi hufuata mvua mpya zinapoanza, mwishoni mwa mwaka.

Mfumo huu una faida mbili. Kwanza, maji ya mvua hutuama shimoni na kuzama ardhini, na udongo yaliouchukua hubaki humo humo. Pili, majani yaliyofukiwa, pamoja na magugu na mabua yanayotupwa shimoni, huoza yakawa mboji. Ngoro zinapochimbwa upya, matuta hujengwa juu ya mashimo ya zamani ili mazao yafaidi mboji hiyo. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani waliufanyia mfumo huu uchunguzi wa kina.

Hata hivyo, mboji pekee haitoshi. Kila gunia la mahindi linalouzwa huondoka na naitrojeni na fosforasi ya shamba. Zamani pengo hilo lilizibwa kwa kulipumzisha shamba, lakini ongezeko la watu limefupisha mapumziko hayo. Familia nyingi hununua mbolea ya chumvichumvi kwa fedha za kahawa. Bei yake ilipopanda duniani mwaka 2021 na 2022, Serikali ilianzisha tena ruzuku mwezi Agosti 2022.

Mbolea ya urea ina asilimia 46 ya naitrojeni na huyeyuka upesi. Ikimwagwa juu ya udongo mtupu wa mlimani, mvua huichukua kabla mizizi haijaifikia. Ikitumiwa mfululizo, huongeza tindikali. Kwa sababu hiyo hufaa igawanywe kwa awamu, ifukiwe kwenye udongo wenye unyevu, na iambatane na samadi au mboji.

Gharama kubwa ya ngoro ni nguvukazi. Miteremko hairuhusu trekta; jembe la mkono ndilo tegemeo, na sehemu nzito ya kazi ni ya wanawake. Familia ikipungukiwa na mikono, matuta hubomoka na maji hupata njia. Mbolea iliyonunuliwa kwa fedha za kahawa ndiyo huwa ya kwanza kuondoka.