Alama ya Fundi katika Kazi za Mbao: Sahihi, Chapa na Nembo

Mtu apitaye katika karakana za maseremala mjini Mwanga huona maandishi mengi juu ya mbao. Ubavuni mwa kitanda ambacho bado hakijapakwa vanishi pameandikwa kwa penseli jina la mtu pamoja na vipimo. Kwenye ncha za vipande vya kabati pana tarakimu zinazolingana, ili kila ulimi uingie katika tundu lake na si katika tundu la jirani. Jina lile la penseli, hata hivyo, si la fundi, bali ni la mteja. Vanishi ikishapakwa, nalo halionekani tena, na kitanda huondoka karakanani bila neno lolote la kumtaja aliyekitengeneza.

Hali ni hiyo hiyo katika shule zetu. Mwaka 2016, serikali ilipoagiza upungufu wa madawati umalizwe, madawati mengi yaliyotolewa yaliandikwa kwa rangi jina la shule au jina la mfadhili. Mwenye mali alitajwa, na mtoaji alitajwa. Seremala hakutajwa.

Tumeanza na mambo haya kwa sababu wafasiri wa vitabu vya ufundi hutaka neno moja la kutaja alama ambayo mtengenezaji huitia katika kazi ya mkono wake, na kila mmoja hulijaza pengo hilo kwa neno alilolizoea: huyu husema sahihi, yule chapa, mwingine nembo, na wa nne huandika alama ya biashara. Maneno hayo manne hayana maana moja. Kila moja lina historia yake, na historia hiyo yaonyesha kwamba lugha yetu ilikuwa na utajiri wa maneno ya alama za mwenye mali na za mtawala, wakati alama ya fundi ilibaki bila jina lililotulia.

Sababu yake si kwamba fundi hakuheshimiwa. Wilaya ya Mwanga, iliyopatikana mwaka 1979 kwa kuigawa Wilaya ya Pare, ndimo ilimo Ugweno, nchi iliyosifika kwa chuma tangu kale. Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, ameeleza jinsi ukoo wa Washana, wafua chuma, ulivyotawala huko kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma cha Ugweno kiliwafikia Wachaga wa Kilimanjaro, ambao hawakuwa na chuma cha kuyeyusha kwao. Mnunuzi wa jembe au mkuki alijua limetoka kwa nani, maana ufuaji ulikuwa kazi ya ukoo na ukoo ulijulikana. Mahali ambapo fundi anajulikana kwa ukoo wake na kwa njia iendayo nyumbani kwake, hana haja ya kuandika jina juu ya kazi yake. Alama huhitajika kitu kinapokwenda mbali na mkono uliokifanya, au kinapoachwa peke yake porini.

Mfano wa hilo la pili ni mzinga wa nyuki. Mzinga wa gogo hutundikwa mtini, mbali na nyumba, na yeyote aweza kuufikia. Gerhard Lindblom, katika kitabu chake juu ya Wakamba kilichotolewa mwaka 1920, alizieleza alama za koo ambazo zilitiwa kwa ng'ombe na katika vitu kama mishale na mizinga. Hapa mti umechorwa kweli, lakini alama hiyo haisemi nani aliuchonga mzinga. Yasema asali ni ya nani.

Serikali nayo ilikuja na alama zake. Milima ya Upare ina misitu ya hifadhi, kama Kindoroko na Minja upande wa Mwanga, na Chome upande wa Same. Sheria ya Misitu ya mwaka 1957, na baadaye ile ya mwaka 2002 iliyoifuta, ziliweka utaratibu wa kutia alama magogo na mbao kwa nyundo yenye herufi au tarakimu usoni. Gogo likigongwa, limekubaliwa. Kuighushi alama hiyo ni kosa la jinai. Basi ubao mmoja waweza kuwa umepigwa nyundo ya serikali, ukaandikwa kwa penseli jina la mteja, kisha ukapakwa rangi jina la shule, na mikono yote iliyougusa ikajulikana isipokuwa ule ulioupiga randa.

Tuyatazame sasa maneno yenyewe. *Chapa* tumelipata kutoka lugha za Bara Hindi, na asili yake ni kitendo cha kubonyeza au kugonga. Ndiyo sababu tunasema kupiga chapa kitabu, na ng'ombe naye hutiwa chapa kwa chuma cha moto. Kiini chake ni chombo: pasipo chombo kinachoacha umbo lile lile kila mara, hapana chapa. *Muhuri* uko karibu nalo, lakini umeshikamana mno na wino, nta na madaraka ya ofisi, na hatuoni faida ya kuuhamishia kwenye kiti cha miguu mitatu.

*Nembo* lina safari ndefu zaidi. Katika kamusi za zamani ni chale za kabila, zile zilizotojwa usoni na mwilini. Wamakonde, ambao kwao chale hizo huitwa dinembo, walizihamisha kutoka ngozini hadi kwenye mti: vinyago vya kuvaa katika ngoma ya mapiko vilitiwa chale za uso kama za mtu aliye hai, aghalabu kwa nta. Baadaye neno likapanda cheo, likawa la vyama, mashirika na taifa. Katika safari hiyo yote halikuacha kumaanisha kundi. Nembo hutambulisha watu walio pamoja. Kwa hiyo yafaa kwa ushirika wa maseremala, na haifai kwa seremala mmoja.

*Sahihi* ni neno la Kiarabu lenye maana ya kilicho sawa, kisicho na kasoro. Atiaye sahihi chini ya barua hakuandika jina tu. Amekiri kwamba yaliyomo ni ya kweli. Wako wanaopendelea saini, nasi hatuna ugomvi nao ofisini. Katika kazi ya mbao, lakini, sahihi lina uzito ambao saini halina. Fundi akichonga jina lake chini ya kiti, amekidhamini.

Pwani ingeweza kutupatia mfano wa mapema, kwa kuwa huko mti uliandikwa sana. Milango ya nakshi ya Unguja, ambayo mmoja wao hutajwa kuwa wa mwaka 1694, mara nyingine ina maandishi juu ya kizingiti cha juu: aya, mwaka wa Hijra, na jina la mwenye nyumba. Jina la mchongaji ni nadra. Mlango ulikuwa heshima ya mwenyewe.

Mabadiliko yaliletwa na soko la mbali. Tangu miaka ya 1950 vinyago vya Wamakonde vilianza kununuliwa kwa wingi Dar es Salaam na watu wasiomjua mchongaji wala ukoo wake. Mnunuzi wa namna hiyo hutaka jina. Samaki Likankoa, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, alijulikana kwa jina lake; na George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliweka jina lake juu ya kazi zilizofika Ulaya na Marekani. Huko Paris jambo hilo halikuachiwa soko: kanuni za chama cha maseremala wa samani, zilizoanza kutekelezwa kwa ukamilifu mwaka 1751, zilimlazimisha fundi mkuu kugonga jina lake juu ya kazi, mpaka vyama hivyo vilipofutwa mwaka 1791. Huko alama ya fundi ilipata jina lake kwa sababu ilikuwa na sheria yake.

Sisi pia tunazo sheria, na hapa ndipo tafsiri mbaya humwumiza mtu. Sheria ya mwaka 1986 inahusu alama za biashara na huduma. Hizo huandikishwa BRELA kwa ada. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ni jambo jingine: inamlinda mtunzi wa kazi ya sanaa, pamoja na sanamu na sanaa za matumizi, na inampa haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeifanya. Ulinzi huo hauanzi kwa kuandikishwa. Tumepata kuona fomu ya zabuni ya samani ambamo fundi alitakiwa aonyeshe "alama ya biashara" yake, ilhali kwa maelezo yaliyofuata ilikuwa dhahiri kwamba kilichotakiwa ni jina au herufi zake chini ya kila kiti, ili kikivunjika ajulikane. Fundi mdogo akisoma fomu ile ataona hana sifa, naye ataacha kazi iende kwa mwenye cheti.

Kwa hiyo tunapendekeza *alama ya fundi* liwe jina la jumla, lipingane waziwazi na *alama ya mwenye mali*. Alama ya fundi ikiandikwa au kuchongwa kwa mkono wake, ni sahihi, hata kama ni herufi mbili tu zilizokatwa kwa patasi. Ikigongwa au kuunguzwa kwa chombo, ni chapa, nasi tutofautishe chapa ya nyundo na chapa ya moto. *Rajamu*, ambalo kamusi hulifasiri kuwa ni alama ya biashara, lingeweza kufufuliwa kwa ile inayoandikishwa. Tunalipenda, ila twatambua kwamba sheria na mazoea yamekwisha kulitangulia. Zile tarakimu za kwenye ncha za kabati tuziite *alama za kuunganishia*.

Limebaki swali la fundi mwenye karakana na wanafunzi watano. Kiti kimechongwa na mwanafunzi, chapa ni ya mwalimu. Katika hali hiyo tusiandike sahihi. Tuandike *chapa ya karakana*, na kama mwanafunzi amekata herufi zake upande wa ndani wa mguu, hizo ndizo sahihi, nazo zitajwe mbali.