Maski zilikwenda Ulaya, methali zikabaki



Mwaka 1907 Pablo Picasso aliingia jumba la makumbusho la Trocadéro, kule Paris, akaona maski za Afrika. Mwaka ule ule alichora "Les Demoiselles d'Avignon": wanawake watano, wawili wakiwa na sura kama maski. Toka hapo yeye na wenzake wakazidi kuuvunja uso kwa pembe na mistari, na njia ile ikafikisha wengine kwenye picha isiyofanana na kitu chochote.

Hatusemi aliona maski ya kwetu. Lakini majirani zetu Barega, kusini mwa Walikale, upande wa Shabunda na Mwenga, walikuwa na namna yao ya kupunguza uso. Maski yao lukwakongo ni ndogo: uso wa umbo la moyo, udongo mweupe, pua ndefu, macho membamba. Watu wa bwami hawakuivaa usoni tu. Waliishika mkononi, waliifunga kwenye mkono, waliitundika kwenye ua. Iliendana na methali za kufundisha mwenendo mwema. Maski moja iliweza kubeba methali nyingi, na juu ya hiyo haikuhitaji kufanana na mtu fulani.

Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku. Maski nyingi ziko leo Ulaya na Marekani. Ndani ya kioo umbo linaonekana vizuri. Jina la fundi na methali, mara nyingi hakuna.

Sasa tuangalie Walikale kwenyewe. Mwaka 1956 muzee Rureke, Munyanga, alisimulia hadithi ya Mwindo. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliishughulikia, ikatoka kitabu mwaka 1969. Jina la Rureke limo, na wajukuu wanajua nani alisimulia.

Sisi tuliorudia Masisi na Walikale, wengi tulikuta nyumba zimeungua na vitu vya wazee vimepotea. Vitu vile pengine havitarudi. Maneno yake bado yako kwa wazee wachache. Tunaomba kila familia ichukue kaye iandike: kitu kiliitwa nani, nani alikichonga, walisema nini wakikionyesha. Yaliyo ya siri, wazee wenyewe wataamua. Na jina la muzee aliyesema liandikwe juu ya ukurasa. Wafadhili, kaye na biki ndizo tunazokosa kwa sasa.