Madaraja ya Magongo ya Barafuni

Sisi tuliolelewa na ligi za kandanda tunajua kwamba daraja ni kitu cha kupanda na kushuka. Timu ikishinda hupanda, ikifungwa hushuka, na daraja la tatu ni la wanyonge. Kwa macho hayo niliyatazama madaraja ya mpira wa magongo wa barafuni wa wanawake katika vyuo vya Marekani, nikapotea njia.

Kule hakuna kupanda kwa kushinda. Katika NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, daraja hufuata chuo chenyewe: kinaendesha michezo mingapi, na je, kinamlipia mwanafunzi karo kwa sababu ya uchezaji wake? Madaraja mawili ya juu yanaruhusiwa kulipa. La tatu limekatazwa. Middlebury walitwaa ubingwa wa daraja la tatu mwaka 2004, 2005 na 2006, wakabaki pale pale.

Wanawake hawa walisubiri sana. Sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ilipitishwa mwaka 1972, lakini NCAA iliwaandalia mashindano ya kwanza mwaka 2001, miaka mitatu baada ya mchezo wao kuingia Olimpiki kule Nagano. Timu zilikuwa chache, hivyo daraja la kwanza na la pili yakatiwa kapu moja. La tatu lilipata ubingwa wake mwaka 2002.

Sasa msomaji itazame fainali ile ya 2001. Minnesota Duluth waliwafunga St. Lawrence 4-2. Duluth, katika michezo mingine, ni chuo cha daraja la pili, St. Lawrence ni cha daraja la tatu! Na Harvard, wa daraja la kwanza hasa, hawamlipii mtu karo kwa kucheza. (Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini kidogo.)

St. Lawrence na wenzao wachache walikuwa na ruhusa ya zamani ya kulipia wachezaji wa mchezo wao mmoja mkubwa. Januari 2004 vyuo vya daraja la tatu vilipiga kura kama ruhusa hiyo ifutwe. Ikabaki. Clarkson, mmoja wa wenzao hao, wakati huo walikuwa na timu changa ya wanawake. Mwaka 2014 wasichana wao waliwafunga Minnesota 5-4, wakachukua ubingwa wa taifa.