Chunusi za ujana: tunza ngozi nyumbani, epuka krimu za haraka

Kijana anapoingia balehe, mara nyingi uso huanza kutoka chunusi. Vipele hivyo hutokea kwenye paji la uso, mashavu na kidevu, na wakati mwingine kifuani na mgongoni. Kwenye ngozi nyeusi si lazima vionekane vyekundu. Vingi huonekana kama vivimbe vyeusi kuliko ngozi inayovizunguka.

Wasikilizaji wetu wa Nyasho, Bunda na Butiama, wengi wenu mna kijana nyumbani au ni vijana wenyewe. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuzitunza chunusi kwa vitu vichache, na kwa nini krimu ya kuchanganya inaweza kuleta madhara makubwa kuliko chunusi zenyewe.

Zinatokana na nini?

Wakati wa balehe homoni huongezeka, na ngozi hutoa mafuta mengi. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa huziba vitundu vya vinyweleo. Bakteria huzaliana humo, na kipele huvimba. Kwa hiyo chunusi si dalili ya uchafu, wala haziponi kwa kujamiiana kama vijana wanavyodanganyana. Ugali, dagaa na karanga pia havina kosa. Ila ukiona zinazidi kila unapokunywa soda nyingi au kula vitu vitamu, punguza.

Utunzaji wa kila siku

Osha uso mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni, na pia baada ya kutoka jasho shambani au uwanjani. Tumia maji safi na sabuni ya kuogea isiyo kali. Sabuni ya kufulia hukausha na kuchubua ngozi. Osha kwa vidole, usisugue kwa dodoki. Jikaushe taratibu kwa kitambaa safi ambacho ni chako peke yako.

Usikamue chunusi. Kukamua husukuma usaha ndani na kuacha kovu. Mafuta mazito ya nywele yasishuke kwenye paji la uso, kwani huziba vitundu. Wavulana wanaonyoa ndevu wasichangie kiwembe.

Kama kuosha pekee hakutoshi, uliza famasi dawa ya kupaka ambayo boksi lake limeandikwa Benzoyl Peroxide. Anza na ya asilimia 2.5 au 5. Paka kidogo sehemu yote yenye chunusi, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, hadi ngozi izoee. Ngozi inaweza kukauka kidogo mwanzoni. Dawa hii hufifisha rangi ya nguo na mashuka, hivyo iache ikauke kabla ya kulala. Nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Usiache wiki ya pili ukisema haifanyi kazi.

Vitu vya kuepuka

Usipake limao, dawa ya meno, spiriti wala dawa ya kung'arishia nguo. Vyote huunguza ngozi, na palipoungua hubaki doa jeusi. Usifungue kidonge cha rangi mbili ukapaka unga wake. Hizo ni dawa za kuua bakteria, na kuzitumia ovyo hujenga usugu, zikashindwa kukutibu siku utakapougua kweli.

Hatari kubwa zaidi ni mkorogo na krimu za kung'arisha. Nyingine zina steroidi kali. Siku za kwanza uso hulainika na chunusi hunywea, ndiyo maana watu huzisifu. Baadaye ngozi huwa nyembamba, na ukiacha, chunusi hurudi nyingi kuliko mwanzo. Nyingine zina zebaki, ile ile ambayo wasikilizaji wetu wa Buhemba wanaijua kwa kukamatia dhahabu. Zebaki hupenya kwenye ngozi, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni.

Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku Tanzania. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kabla ya kununua, soma boksi. Ukikuta Mercury, Hydroquinone, Clobetasol au Betamethasone, rudisha. Kisicho na maandishi yoyote, usinunue kabisa.

Lini uende hospitali?

Nenda kituo cha afya kama chunusi ni vivimbe vikubwa vyenye maumivu, zinaacha makovu, au hazijapungua baada ya miezi 2 hadi 3 ya utunzaji. Msichana ambaye hedhi yake haieleweki na anaota ndevu naye apimwe. Jipu karibu na pua au jicho likiambatana na homa, usisubiri kesho. Kituo kikihitaji msaada zaidi kitakupa rufaa. Mabingwa wa ngozi wanapatikana pia KCMC, Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwepo tangu 1992.

Kwa mzazi

Usimtanie mtoto kwa chunusi zake. Anayeonewa aibu nyumbani ndiye anayekwenda kununua krimu kwa siri. Mwambie kwamba madoa meusi hufifia yenyewe kwa miezi, kofia juani husaidia, na kwa vijana wengi chunusi hupungua ujana unapopita. Sabuni isiyo kali, maji safi na subira vinatosha kuanza leo.