Kabla ya Kipimajoto, Kope la Jicho

Mtetea huatamia siku 21. Huyageuza mayai kwa mdomo mchana na usiku, huinuka kidogo kula na kunywa, kisha hurudi. Ubaya kwa mfugaji ni mmoja: akiatamia hatagi, na akishaangua atalea kwa wiki nyingine kadhaa kabla hajataga tena. Wamisri waliliona jambo hilo zamani sana.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kwamba Misri mayai yalifukiwa kwenye samadi yakaanguliwa humo. Akaongeza kisa cha mlevi wa Syracuse aliyeyaweka mayai chini ya mkeka wake, akakaa juu akinywa mpaka vifaranga wakatoka. Kisa hicho nakipenda kuliko ninavyokiamini.

Ya tanuri za Misri za kuangulia mayai hayana shaka. Zilijengwa kwa matofali ya udongo, ujia katikati na vyumba vya ghorofa mbili huku na huku. Maelfu ya mayai yalipangwa chini, juu yakawaka taratibu makapi na samadi kavu. Fundi alilala humo humo. Alipotaka kujua joto aliokota yai akaligusisha kwenye kope la jicho, maana ngozi ya hapo ni laini na haidanganyiki upesi kama ya kiganja. Mafundi waliosifika zaidi walitoka kijiji cha Berma, kwenye delta ya Nile. Edward Lane, Mwingereza aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, alieleza kwamba kwa kawaida mwanakijiji alileta mayai mawili akarudishiwa kifaranga kimoja. Walioanguliwa zaidi ya hapo walikuwa riziki ya fundi, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kutosinzia.

Ulaya iliweza kuiga tanuri, lakini fundi hakuigika. Mwanasayansi Mfaransa Réaumur, katika kitabu chake cha 1749, alieleza alivyojaribu mapipa yaliyozungushiwa samadi na joto la tanuri za waoka mikate. Kwa asiye na kipimajoto alipendekeza kichupa chenye siagi iliyochanganywa na mafuta ya mnyama: yakigandamana, joto limepungua, yakiyeyuka kabisa kama maji, limezidi. Zaidi ya miaka 100 kabla yake, Mholanzi Cornelis Drebbel alikuwa ametengeneza tanuri iliyojirekebisha moto yenyewe, lakini ufundi huo haukuenea.

Jibu lililofika kwa mfugaji wa kawaida lilikuja 1881, pale Charles Hearson wa London alipotumia kidonge bapa cha metali chenye kimiminika kinachochemka karibu na joto la kuatamia. Joto likizidi, kidonge huvimba, husukuma mkono wa chuma, na mkono hufunua bomba la taa ili joto litoke nje. Kikipoa hunywea, kifuniko kikashuka. Fundi wa Berma akawa amepata mbadala usiolala. Marekani, mji wa Petaluma ulikuwa tayari na mashine za Lyman Byce, zilizoanza 1879. Feni ya kuzungusha hewa na umeme vikafuata miaka ya 1910 na 1920.

Kwa hiyo ukienda dukani kununua mashine ya kuangulia, idadi ya mayai iliyoandikwa kwenye boksi iwe swali lako la mwisho. Anza na feni. Yenye feni hukaa kwenye nyuzi 37.5 kila pembe. Isiyo nayo huhitaji kama 38.5, ikipimwa usawa wa juu wa mayai, kwa kuwa joto hupanda. Uliza kama inageuza mayai yenyewe, la sivyo utayageuza kwa mkono angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, kisha uyaache na uongeze unyevu. Tarakimu za kwenye kioo zisikutoshe. Weka kipimajoto cha pili ndani uzilinganishe. Na pale umeme unapokatika ovyo, mashine ndogo inayokubali betri au taa ya mafuta itakupa vifaranga wengi kuliko kubwa ya umeme mtupu. Kama mayai ni ya bata, kwa aina nyingi hesabu siku 28, na bata bukini au bata mzinga wasichanganywe na kuku kwenye trei moja, maana siku zao hazilingani, na unyevu wa mwisho utawakuta wengine katikati ya safari.